Behewa la Kiayalandi Linaporuka Reli: Dalili, Vyanzo na Tiba kwa Wajenzi wa Modeli

Malalamiko ya wanaojenga modeli za mabehewa ya Ayalandi hujirudia. Behewa la mizigo linaruka reli kwenye pointi ileile, yaani pale njia inapogawanyika, kila likipita. Behewa la abiria la magurudumu sita linagoma kukata kona. Resini imepinda kama ndizi. Rangi imetoka na mabaka, taa zinapepesa. Wengi hukimbilia kurekebisha kile kinachoonekana, yaani mwili na rangi, ilhali chanzo kimelala chini kwenye ekseli na fremu. Ndiyo maana hapa tunapanda kutoka chini: magurudumu, fremu, mwili, kisha rangi. Ukiufuata mpangilio huu hutakwangua rangi nzuri kwa kosa ambalo halikuwa la rangi.

Vipimo vyote hapa ni vya skeli ya milimita 4 kwa futi moja, yaani 1:76, ambayo ndiyo inayotumiwa na wengi. Reli za Ayalandi zina upana wa futi 5 na inchi 3, sawa na milimita 1,600. Kwa skeli hii upana huo ni milimita 21 kamili. Lakini njia inayouzwa madukani, iitwayo OO, ina milimita 16.5, ambayo ingekuwa futi 4 na inchi moja na nusu tu kwenye reli halisi. Pengo hilo ndilo mama wa matatizo kadhaa yaliyomo humu, kwa hiyo amua mapema unajenga kwa upana upi, kisha usichanganye.

Behewa linaruka reli kwenye pointi au kwenye kona

Hili ndilo tatizo linaloripotiwa kuliko yote, na mara nyingi tiba yake haihitaji kuchomea wala kubandua kitu.

Anza na umbali kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Kwa OO ya kawaida kipimo kinachofanya kazi ni milimita 14.5. Pima kwa kalipa sehemu tatu huku ukizungusha ekseli. Kama kipimo kinabadilika, gurudumu limekaa upande kwenye ekseli na litakuwa linayumba kushoto na kulia kila likizunguka. Kama kipimo ni kidogo mno au kikubwa mno, shika magurudumu yote mawili, zungusha kidogo huku ukivuta au ukisukuma, kisha pima tena. Usilivute gurudumu moja tu huku umeshika ekseli kwa koleo, maana ncha ya ekseli ikipata mkwaruzo behewa halitabiringika vizuri tena. Kwa njia ya milimita 21 hakuna kipimo kimoja cha wote. Kinategemea kama umechagua magurudumu yenye ukingo mwembamba au mnene, na pointi zako lazima ziwe zimejengwa kwa kiwango hichohicho. Mtu akikupa magurudumu ya kiwango kingine, hata yakionekana kukaa sawa kwenye njia iliyonyooka, pointi zitayakataa.

Kipimo kikiwa sawa na behewa bado linaruka, liweke juu ya kioo kinene au kipande cha marumaru bapa. Bonyeza kona moja baada ya nyingine kwa kidole. Likiyumba, fremu imepinda, na gurudumu moja kati ya manne linaelea hewani. Fremu ya plastiki unaweza kuizamisha kwenye maji ya moto yasiyochemka, ukainyoosha juu ya kioo na kuilemea kwa kitu kizito hadi ipoe. Fremu ya metali nyeupe au ya shaba usiilazimishe kwa mikono. Fungua kona moja, iweke sawa, ifunge tena. Wanaojenga kwa milimita 21 na magurudumu ya ukingo mwembamba ni vyema wasitegemee fremu iliyonyooka peke yake: funga ekseli moja imara na iache nyingine icheze juu na chini kwenye mhimili mmoja wa katikati, ili behewa lisimame kwa nukta tatu. Kitu kinachosimama kwa nukta tatu hakiyumbi.

Kinachofuata ni uzito. Kanuni inayotumiwa na wajenzi wengi wa skeli hii ni gramu 25 kwa kila ekseli, yaani behewa la magurudumu manne liwe na gramu 50 hivi. Mabehewa ya wazi ya mizigo huwa mepesi mno kwa sababu hakuna pa kuficha uzito. Weka bamba jembamba la risasi chini ya sakafu katikati ya ekseli, au tengeneza mzigo wenyewe. Treni za Ayalandi zilibeba mboji, viazisukari, mifugo na saruji, kwa hiyo si lazima kila behewa lako litembee tupu.

Hapa kuna onyo la dhati. Usibandike chembe za risasi kwa gundi nyeupe ya mbao. Asidi iliyomo kwenye gundi hiyo hula risasi polepole na kutengeneza unga mweupe unaovimba. Baada ya miezi au miaka mwili wa behewa hupasuka kutoka ndani, na hakuna namna ya kuurudisha. Tumia epoksi, au weka vipande vya chuma badala ya risasi. Ukiona behewa la zamani limeanza kufura pande zote mbili, toa uzito huo leo. Vaa glavu, usipulize unga huo, funga mabaki kwenye mfuko, nawa mikono kabla ya kugusa chakula.

Kuna aina moja inayostahili kutajwa peke yake: yale mabehewa ya kupasha joto ya magurudumu manne ambayo CIÉ, shirika la usafiri la Ayalandi lililoanza kazi mwaka 1945, liliyajenga kuanzia katikati ya miaka ya 1950. Yalitembea kwenye treni za abiria, yameunganishwa na mabehewa marefu yenye boji, yaani vigari vidogo vya magurudumu vinavyogeuka chini ya behewa. Kwenye modeli hilo linaleta taabu ya pekee, kwa sababu gari fupi na jepesi linavutwa upande na jirani zake warefu kila treni ikikata kona. Gramu 50 hazitoshi hapo. Ongeza hadi lisiinuke, na mwanzoni liweke nyuma kabisa ya treni uone kama tatizo linaisha. Likiisha, kosa si la magurudumu, ni la viungio.

Ukifika kwenye viungio, linganisha kimo chake na cha behewa jirani juu ya njia bapa. Kiungio kilichoinama chini hugonga vipande vya pointi, kilichoinuka huachia njiani. Treni ikisukumwa nyuma na bafa zikapandana, kona yako ni kali mno kwa viungio vya minyororo. Tumia kiungio kirefu zaidi, au tumia minyororo kwenye njia pana tu. Treni za mizigo zenye viungio legevu ziliendelea Ayalandi hadi miaka ya 1970, kwa hiyo minyororo ya vipande vitatu ni sahihi kwa historia, ila inadai njia iliyolazwa kwa uangalifu.

Behewa linabiringika kwa shida au linasimama lenyewe

Lisukume kwenye ubao ulioinama kidogo, ligeuze, ulisukume tena. Likienda vizuri upande mmoja tu, ekseli haziko sambamba. Likikwama pande zote, chomoa ekseli moja moja.

Mara nyingi utakuta rangi au gundi imeingia kwenye kikombe cha fani, yaani beringi inayoshika ncha ya ekseli. Ichokonoe kwa ncha ya mbao, si kwa kisu. Baada ya hapo angalia kama pande mbili zinazobeba ekseli zimebanwa mno. Ekseli ya kawaida ya OO yenye ncha kali ina urefu wa milimita 26, na inatakiwa kucheza kidogo sana kushoto na kulia, kiasi cha kusikia kwa kidole tu. Wanaojenga kwa milimita 21 wakitumia ekseli hiyohiyo hujikuta gurudumu linasugua upande wa ndani wa fani, kwa sababu magurudumu yamesogea nje lakini ncha zimebaki palepale. Tiba ni ekseli ndefu zaidi, pamoja na kusogeza vibeba ekseli nje hadi mahali pake halisi. Usikwangue nyuma ya gurudumu kutafuta nafasi.

Usimwage mafuta kwenye fani za plastiki. Vumbi litashikamana na ndani ya wiki chache hali itakuwa mbaya kuliko mwanzo. Unga mkavu wa grafiti, kidogo tu, unatosha.

Kama magurudumu ni ya plastiki, yabadilishe kwa ya chuma kabla hujapoteza muda kwa mengine. Ya plastiki hukusanya uchafu na kuusambaza kwenye njia nzima.

Behewa la magurudumu sita linagoma kukata kona

Mabehewa ya abiria ya magurudumu sita ni sehemu kubwa ya sura ya reli za Ayalandi, na mengine yaliendelea kutumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa mjenzi ni mtihani. Ekseli tatu zilizofungwa imara haziwezi kufuata kona ya modeli.

Angalia kwanza kama ekseli ya katikati inaweza kusogea kushoto na kulia. Kama imebanwa, toa fani zake na uiache ielee kwenye nafasi ndefu, ikiwa imebebwa na waya mwembamba wa kuisukuma chini kidogo. Kama inasogea lakini bado behewa linaruka, huenda ekseli hiyo iko chini kuliko mbili za pembeni, na behewa zima linabembea juu yake. Kioo kitakuonyesha mara moja. Inue nusu milimita.

Kwa kona kali zaidi kuna mfumo wa Cleminson, ambao ulitumika kwenye reli halisi karne ya 19. Ekseli za pembeni hugeuka na ya katikati huteleza upande, zote tatu zikiwa zimeunganishwa. Kwenye modeli unafanya kazi vizuri sana, mradi viungo vyake viwe laini. Likigoma baada ya kuweka mfumo huo, tafuta risasi ya kuchomea iliyodondokea kwenye mhimili.

Behewa refu lenye boji linaruka au linainamia upande mmoja

Geuza behewa juu chini na uzungushe kila boji kwa kidole hadi mwisho. Ikigusa kitu kabla ya kufika pembe ambayo kona yako inadai, umeshapata jibu. Mara nyingi kinachogusa ni ngazi za kupandia, boksi za betri au mitungi ya breki uliyoongeza kwa kupenda undani. Hayo mapambo ni mazuri, lakini mpangilio sahihi ni kufunga boji, kujaribu behewa kwenye njia, ndipo uongeze vitu vya chini ya sakafu kimoja kimoja.

Behewa likiinamia upande, usiguse mwili. Boji moja iachie icheze kushoto na kulia pamoja na mbele na nyuma, na nyingine icheze mbele na nyuma tu. Ukiziacha zote zicheze kila upande, behewa litayumba. Ukizibana zote, gurudumu moja litaelea.

Mapazia ya njia ya kupita kati ya mabehewa nayo huleta shida. Yakiwa magumu, yanasukumana kwenye kona na kulitoa behewa njiani. Karatasi nyeusi iliyokunjwa ni bora kuliko raba nene.

Mwili umepinda au kona hazikutani

Kama ni resini, ioshe kwanza kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa sababu ile mafuta ya kutolea kwenye kalibu hukataa gundi na rangi. Kisha weka kipande kilichopinda kwenye maji ya moto kwa muda mfupi, kinyooshe juu ya kioo, kiache kipoe chini ya uzito. Rudia mara kadhaa badala ya kulazimisha mara moja. Kipande kinachorudi kupinda kila ukikinyoosha kinahitaji mbavu za plastiki ndani. Usibandike pande zote nne kabla ya kuzipima kwa skwea ya fundi, na anza na kona moja tu, upande na ncha, ukaiacha ikauke kabisa.

Kama ni karatasi ya shaba ya njano au nikeli-silva, chanzo cha kawaida ni joto. Upande mrefu wa behewa la abiria ukichomewa kwa mstari mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, hutanuka na kutokea mawimbi yasiyoondoka. Shikiza kwa nukta: katikati, ncha moja, ncha nyingine, kisha katikati ya hizo. Subiri ipoe kila mara. Risasi inayoyeyuka kwa nyuzi 145 inatosha kwa viungo vya mwisho bila kufungua vya kwanza. Kwa metali nyeupe tumia ile ya nyuzi 70 na pasi ya kuchomea yenye kipimo cha joto, la sivyo kipande chenyewe kitayeyuka mbele ya macho yako.

Kiungo kikikataa kushika, usiongeze risasi. Safisha kwa brashi ya nyuzi za kioo, weka fluksi mpya, jaribu tena. Baada ya kazi osha kwa maji mengi na brashi ya zamani ya meno. Fluksi ya asidi iliyobaki ndani itatoa kutu ya kijani chini ya rangi baada ya muda.

Kwa vipande vilivyochapishwa kwa printa ya 3D vyenye kunata au kutoa majimaji kwenye mshono, resini ya ndani haijakomaa. Osha kwa pombe ya isopropili, acha ikauke, kisha ianike kwenye mwanga wa urujuanimno. Usiiguse kwa mikono mitupu. Ngozi ikishaanza kuikataa resini hiyo, mzio hauondoki kirahisi. Ukiona upele, acha kazi na umwone daktari ukiwa na jina la resini uliyotumia.

Vumbi la resini ya aina yoyote ni hatari kwa mapafu. Piga msasa kwa maji, vaa barakoa inayofaa. Supagluu ikidondoka kwenye nguo au pamba, itupe mbali na ngozi haraka, kwa kuwa hupata joto la kuunguza. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji mengi na uende hospitali. Usijaribu kufungua kope kwa nguvu na usikaribishe asetoni hapo.

Praima au rangi inabanduka

Karibu kila mara jawabu ni mafuta ya vidole au mafuta ya kalibu. Bandika tepu ya karatasi kwenye sehemu isiyoonekana, ivute. Rangi ikija nayo, usipake juu yake. Vua yote, osha, kausha, anza upya. Kwa shaba tumia praima inayouma metali.

Rangi ikijikunja kama ngozi iliyoungua, umeweka rangi yenye tina kali juu ya rangi laini. Selulosi juu ya enameli itafanya hivyo. Hakuna kuziba hapo. Subiri ikauke, ivue.

Rangi ya tani haifuniki, au nyeusi imevuja juu yake

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 CIÉ ilianza kupaka mabehewa yake ya abiria nyeusi na tani (kahawia hafifu), pamoja na mstari mweupe. Cravens, mabehewa yaliyoanza kuingia kazini mwaka 1963, yanajulikana sana kwa rangi hizo. Tani hiyo, inayoelekea kwenye rangi ya chungwa, ina nguvu ndogo ya kufunika. Juu ya praima ya kijivu cheusi itaonekana chafu hata ukipaka tabaka kumi.

Tumia praima nyeupe au ya rangi ya mchanga. Paka tani kwanza, tabaka nyembamba, kila moja ikauke. Kisha ziba kwa tepu na upake nyeusi. Kabla ya nyeusi, pitisha tabaka jepesi la tani ileile kwenye ukingo wa tepu. Kitakachovuja chini ya tepu ni tani juu ya tani, haitaonekana, na nyeusi haitapata njia. Ng'oa tepu kabla rangi haijakauka kuwa ngumu, ukiivuta ikiwa imejikunja nyuma. Mstari mweupe usiupake kwa mkono kama hujazoea, zipo stika za maji za mistari hiyo na zinatoka nyoofu zaidi.

Vanishi imepata ukungu mweupe

Hewa ilikuwa na unyevunyevu, au ulipulizia kutoka mbali mno. Anayejenga Dar es Salaam au Mombasa msimu wa masika atakutana na hili kama anavyokutana nalo mtu wa Cork. Pulizia asubuhi ya siku kavu, weka kopo kwenye maji ya vuguvugu kwanza, kamwe si ya moto, wala si karibu na jiko. Ukungu mwepesi huweza kuondoka ukipaka tabaka nyembamba ya vanishi ya kung'aa, kisha isiyong'aa juu yake. Ukungu mzito hautoki.

Stika za maji zinang'aa fedha pembeni

Ni hewa iliyonaswa chini, kwa sababu rangi isiyong'aa ina vinundu vidogo. Toboa hewa kwa sindano na uweke kiowevu cha kulainisha stika, mara mbili tatu kama inahitajika. Safari ijayo paka vanishi ya kung'aa kabla ya stika. Kwenye mabehewa ya wazi yaliyobuniwa na mhandisi Bulleid, yenye pande za bati la mawimbi, stika nzima haiwezi kukaa. Ikate vipande kufuata kila wimbi kabla ya kuilowesha.

Vioo vya madirisha vimepata ukungu

Ni moshi wa supagluu. Sugua kwa dawa ya kung'arisha plastiki. Ikishindikana, badilisha. Vioo vibandikwe kwa gundi nyeupe, na mwili uachwe wazi usiku kucha kabla ya kufunga paa.

Taa za ndani zinapepesa au treni nzima inazimika

Kupepesa: safisha magurudumu na njia, kisha angalia kama vichukuzi vya umeme vinagusa bila kukaba. Baada ya hapo ndipo ufikirie kuongeza kapasita. Kapasita yenye pande za chanya na hasi inahitaji daraja la dayodi kabla yake, kwani ikiunganishwa kinyume inaweza kupasuka.

Treni nzima ikizimika ukiweka behewa moja tu, kuna shoti ndani yake. Mara nyingi magurudumu yaliyotengwa umeme yamewekwa pande tofauti kwenye boji ya shaba, kwa hiyo fremu inaunganisha reli mbili. Geuza ekseli moja ujaribu. Ikiwa sivyo, tafuta mahali gurudumu linagusa sakafu ya shaba kwenye kona. Tepu nyembamba chini ya sakafu hutibu hilo.

Simama hapa. Kama transfoma inanguruma, inanuka kuungua, imepasuka au inapata moto, chomoa kwenye ukuta na usiifungue. Huo si umeme wa modeli tena, ni umeme wa nyumba unaoua. Mpe fundi umeme, au nunua nyingine.

Behewa limekamilika lakini halionekani la Kiayalandi

Dalili hii haimo kwenye orodha nyingi, nami naiona kubwa kuliko baadhi ya hizo za juu, kwa sababu mtu ametumia jioni nyingi na matokeo yanafanana na behewa la Uingereza lililopakwa rangi nyingine.

Chanzo cha kwanza ni fremu nyeusi. Wajenzi waliozoea reli za Uingereza hupaka chesisi nyeusi bila kufikiri. Mabehewa ya mizigo ya CIÉ yalikuwa kijivu mwili, chesisi na vyuma vyote. Kuanzia mwaka 1970 hivi yalianza kupakwa kahawia, na hapo pia chesisi ilifuata mwili. Uchafu wa kazi ndio uliozifanya zionekane nyeusi. Paka kijivu, kisha chafua kwa unga wa rangi ya kutu na vumbi la breki.

Cha pili ni upana. Kwenye njia ya milimita 16.5, magurudumu yamejificha ndani mno na ukitazama behewa kutoka mbele utaona uwazi mkubwa kati ya gurudumu na kibeba ekseli. Tiba kamili ni milimita 21. Kwa asiyetaka kubadilisha njia, weka vibeba ekseli na fremu ya nje mahali pake halisi na ufiche uwazi kwa fimbo za breki na nyuso za ndani zilizopakwa rangi nzito. Vibao vya breki vikae mbele ya magurudumu yako, vinginevyo jicho litaliona pengo mara moja. Wapenzi wa reli nyembamba za futi 3, kama zile za County Donegal zilizofungwa mwisho wa mwaka 1959, wana bahati: kwa skeli ya milimita 5.5 njia ya milimita 16.5 ni sahihi kabisa, na kwa milimita 4 wanatumia njia ya milimita 12.

Cha tatu ni kuchanganya zama. Nembo ya CIÉ iliyopachikwa jina la konokono anayeruka ni ya enzi za kijani na za mabehewa ya kijivu. Haikai kwenye behewa la kahawia lililopakwa upya miaka ya 1970. Mabehewa ya GNR (Great Northern Railway), kampuni iliyokuwa na karakana yake Dundalk, yaligawiwa kati ya CIÉ na UTA, mamlaka ya usafiri ya Ayalandi ya Kaskazini, mwaka 1958, kwa hiyo baada ya hapo herufi za kila behewa hubadilika kutegemea lilikwenda upande gani, ingawa kupakwa upya kulichukua muda. Chagua mwaka mmoja, na kila stika ijibu kwa mwaka huo.

Picha moja ya gari halisi ina thamani kuliko maelezo ya boksi. Jumba la makumbusho la Cultra, Downpatrick na karakana ya Whitehead wana magari ya Kiayalandi yaliyohifadhiwa. Ukifika huko piga picha chini ya fremu, ncha zote mbili na paa kabla ya kupiga ubavu, maana ubavu kila mtu ameshaupiga.

Na ukirithi au kununua behewa la zamani lililojengwa kwa mikono, lenye rangi iliyopasuka, usilitie kwenye kivua rangi hata kama kasoro zake zinakukera. Huenda rangi hiyo ina risasi, na huenda ilipakwa na mtu aliyeyaona mabehewa halisi yakitembea. Cyril Fry alikuwa mhandisi wa reli kwenye karakana ya Inchicore, Dublin, na mkusanyiko wake wa modeli sasa uko Malahide, karibu na Dublin, kwa watu wote kuuona. Kazi ya aina hiyo ipige picha, ifunge kwenye karatasi isiyo na asidi, umpelekee mtaalamu wa kuhifadhi modeli kabla hujaigusa kwa msasa.